Mwanangu, kuhusu hii safari ya kompyuta unayotaka kuianza

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, ile unayouliza uanze na lugha ipi ya kuandikia programu maana kila mtu anakwambia lake, huyu Python, yule JavaScript, mwingine anasema bila C bado hujasoma kitu, na wewe umeshafungua kozi nne na hujamaliza hata moja. Sikujibu haraka kwa sababu nilitaka nikae nikuandikie vizuri.

Chukua Python. Siyo kwamba ndo bora kuliko zote, ila siku hiyohiyo utaona kitu kinafanya kazi, na ukishaijua moja kwelikweli ya pili haikusumbui. C ipo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, Python ilitoka 1991, zote bado ziko kazini mpaka leo, hakuna itakayokukimbia. Hilo limeisha.

Kinachonikaa moyoni ni kingine. Unakumbuka ile jioni uliyokuwa na laptopu yangu, ukaiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, ikakuletea 0.30000000000000004? Ukaniita, "Mama, kompyuta yako mbovu." Mimi nilikuwa nimechoka nikakwambia achana nayo, ukaifunga. Jibu lile nalijutia hadi leo, maana somo lenyewe lilikuwa palepale. Kompyuta haikuwa mbovu. Yenyewe inatunza namba kwa 0 na 1 tu, na kama sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali tukaimaliza, tunaandika 0.333 halafu tunakata tu mahali, na yenyewe haiwezi kuandika moja ya kumi ikaisha. Inakata. Ile 4 uliyoiona kule mwisho imetokana na huko kukata. Ndo maana watu wanaoandika programu za hela wanahesabu senti nzimanzima, au wanatumia aina ya namba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo hesabu zinaanza kupishana kidogo kidogo na hakuna anayejua zinapishana wapi.

Na usione ni mambo madogo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilijilipua angani sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Kwenye programu yake namba moja ilikuwa inahamishiwa kwenye nafasi ya biti 16, yaani zile 0 na 1 kumi na sita tu, ambayo mwisho wake ni 32,767, namba ikawa kubwa kuliko hapo, programu ikagoma. Kile kipande cha programu kilitoka kwenye Ariane 4 na kule kilikuwa hakijawahi kuleta shida, kwa hiyo hakuna aliyekigusa. Waliokiandika walikuwa watu makini sana, mwanangu.

Kwa hiyo ninachokuomba, kabla hujakimbilia kozi ya tano, jizoeze kukaa na kitu kilichogoma. Ukiona yale maandishi mekundu usifunge, yasome, mstari wa mwisho mara nyingi unakwambia ni kosa gani na juu yake kidogo limetokea mstari wa ngapi. Ukiiuliza akili mnemba sikukatazi, hata mimi naiuliza kila siku, ila ikikupa jibu na wewe huwezi kunielezea mstari kwa mstari linafanya nini, ujue hiyo programu bado siyo yako, na siku ikiharibika usiku uko peke yako hutajua hata pa kushika.

Sijawahi kukuhadithia hili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa nifute mteja mmoja kwenye databesi, nikaandika DELETE, amri ya kufuta, nikasahau kuweka WHERE, lile sharti la kusema afutwe nani, nikabonyeza enta. Wateja wote wakaenda. Mikono iliniisha nguvu. Nilikaa kama dakika mbili naangalia tu skrini, halafu nikanyanyuka nikaenda kumwambia bosi vilevile ilivyotokea bila kupamba. Bakapu, ile nakala ya akiba, ilikuwepo, ilikuwa inajiandika kila usiku, ila hakuna mtu aliyewahi kujaribu kuirudisha, na siku tuliyoihitaji ikagoma. Tukaingiza upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi, siku tatu, watu wanne. Bosi hakunifukuza. Aliniambia kama ningenyamaza mpaka jioni, watu wangeendelea kufanya kazi juu ya databesi tupu na hasara ingekuwa nyingine kabisa. Tangu hapo kabla ya kufuta naanza na SELECT, amri ya kuonyesha tu, yenye sharti lilelile nione ni mistari mingapi, ndo nafuta, tena ndani ya transakisheni, yaani kabla sijathibitisha naweza kughairi, ili nikiona siyo naandika ROLLBACK kila kitu kirudi kilivyokuwa. Na bakapu ambayo sijaijaribu kuirudisha siihesabu.

Mengine utayaokota njiani, Git, ile ya kutunza kila toleo la programu yako, jifunze mapema, SQL pia, lugha ya hizo amri za databesi, na hesabu usiiogope, hasa mantiki na uwezekano. Vyeti vizuri lakini kwenye interviu watataka kukusikia unavyofikiri, na hapo mtu aliyemaliza kaprogramu kamoja kadogo kanakotumiwa na mtu wa kweli, hata kama ni baba yako anapanga mapicha yake yale yaliyojaa kwenye simu, ana cha kusema kuliko mwenye kozi kumi nusunusu. Anza na hako ka baba yako, amelalamika vya kutosha.

Na ukikwama niandikie, hata usiku. Ila usinitumie picha ya skrini, nakili maneno yenyewe ya kosa, uniambie ulitegemea upate nini, umepata nini, na umeshajaribu nini. Safari hii sitakwambia achana nayo.

Mama yako