Blokucheni haipimi gunia

Mhariri,

Masika yakiifurisha mito ya Nyando na Nzoia, misaada humiminika Ahero na Budalang'i, na manung'uniko ya magunia yaliyopotelea njiani hufuata. Siku hizi dawa inayotajwa ni blokucheni. Tunaiunga mkono, lakini tunaziomba kaunti zetu zielewe kazi yake kabla ya kutia saini mkataba wowote.

Blokucheni ni daftari lenye nakala kwa wadau kadhaa, kila ukurasa ukiwa umefungwa kwa uliotangulia, hivyo anayechezea tarakimu za jana hugunduliwa. Hulinda kilichoandikwa, kiwe kweli au uongo. Karani akiandika kilo 50 na gunia lina 46, gorogoro mbili za kilo mbili zimeyeyuka na daftari litaapa kwamba zipo. Ndiyo maana fedha za kwanza ziende kwenye mizani iliyokaguliwa, ghalani na kwenye kituo cha ugawaji. Kiwepo pia kipima unyevu, kwani mahindi yanayozidi asilimia 13.5 humea kuvu yakirundikwa. Mzigo unapobadilisha mikono, dereva na mpokeaji waupime pamoja, kisha kila mmoja athibitishe kwa simu yake.

Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilijaribu mfumo huu Pakistan, kisha katika kambi ya Azraq, Jordan. Mkimbizi alinunua chakula dukani kwa kutambuliwa mboni ya jicho, daftari likakata salio lake, na muuzaji akalipwa baadaye kwa jumla. Ada za benki zilishuka sana. Hata hivyo, mwanzoni kompyuta zote za daftari zilikuwa chini ya WFP yenyewe, na daftari la mwenyewe mmoja linaweza kuwa hifadhidata ya kawaida, kwa bei nafuu. Faida huonekana pale kaunti, Msalaba Mwekundu, makanisa na kamati ya wananchi wanaposhika nakala kila mmoja, nyumba moja isihudumiwe mara tatu huku jirani akikosa.

Linalotutia hofu zaidi ni taarifa za watu. Jina, nambari ya kitambulisho na alama za vidole visiingizwe kabisa kwenye blokucheni, maana hazifutiki, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwananchi haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Wauzaji wa mifumo hujibu kwamba wanaweka heshi tu, yaani msimbo uliokokotolewa kutoka kwenye nambari hiyo. Haitoshi! Nambari yenye tarakimu nane ina michanganyiko milioni 100 pekee, na kompyuta ndogo huijaribu yote kwa muda mfupi hadi ipate inayolingana. Lazima kila nambari ichanganywe kwanza na tarakimu ndefu za nasibu, zinazotunzwa kwa siri nje ya daftari.

Halafu kuna mtandao, ambao hukatika mafuriko yanapoangusha nguzo za umeme. Simu za makarani zihifadhi rekodi na kuzituma baadaye. Lakini kabla rekodi hizo hazijakutana kwenye daftari, mtu anaweza kupokea Ahero asubuhi na kituo kingine jioni. Kila nyumba ipangiwe kituo kimoja, orodha ichapishwe kwenye karatasi na kubandikwa kwa chifu. Karani akikosea, aandike ingizo la kurekebisha lenye sababu, na kamati iliidhinishe kabla ya lori linalofuata kupakuliwa.

Wadau wa ugavi wa misaada,
Kisumu