Mdogo wangu, umetupanga kwa rangi alafu ukagawa na kazi

Mdogo wangu,

Nimeiona ile orodha uliyoturushia kwenye grupu la familia, kamati nzima ya kwanjula ya kaka, ile siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe, imepangwa kwa majibu ya lile jaribio la tabia la herufi nne: zambarau, kijani, bluu na njano, na wewe bila aibu umejiweka zambarau na "wachambuzi". Shangazi umemtia bluu kwa walinzi kwa hivo ndo atashika pesa. Mimi nimetoka ISFP, njano, mtafutaji, ati watu wa njano tupewe mapambo na muziki manake pesa zikipita kwetu zitaisha hata kabla gari halijatoka Jinja. Nimecheka sana, alafu nikakasirika kidogo, alafu nikaona nikuandikie hapa mbele ya watu, manake najua si familia yetu tu yenye kijana wa aina yako.

Sikatai hayo majaribio, nayapenda. Kuna siku yanakupa maneno ya kitu ambacho umekijua miaka yote na hujawahi kukisema. Shida yangu ni hayo makundi.

Hizo herufi nne zina historia. Carl Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, alikuwa tayari anacheza na mawazo kama hayo, akakichukua cha Jung kwa mikono miwili, na binti yake Isabel Briggs Myers wakati wa vita kuu ya pili akatunga maswali, lengo lake moja likiwa kusaidia wanawake waliokuwa wanaingia kazini wapate kazi zinazowafaa. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia, lakini kazi walifanya. E au I, unachangamka ukiwa na watu au ukiwa peke yako. S au N, unashika unachokiona au unakimbilia maana yake. T au F, unaamua kwa hoja au kwa kuangalia nani ataumia. J au P, unataka jambo liamuliwe mapema au liachwe wazi. Changanya zote unapata aina 16.

Sasa 16 ni nyingi, nani atazikumbuka, ndo watu wakaanza kuzifunga mafungu mafungu. Haya manne yako na rangi zake yanafuata mkato wa David Keirsey, Mmarekani aliyeyaeleza mwaka 1978, na yeye alikuwa anapenda ile hesabu ya zamani ya tabia nne za kina Galen, daktari wa kale, kwa hivo manne yakatoka manne. Lakini angalia alivyokata bana. Watu wa S kawagawa kwa herufi ya mwisho, wakawa SJ (bluu yako) na SP (njano). Watu wa N kawagawa kwa herufi ya tatu, wakawa NF (kijani) na NT (zambarau). Upande huu anauliza swali moja na upande ule anauliza swali jingine kabisa, na alikuwa na sababu zake, yeye alitazama zaidi watu wanaongea nini na wanafanya nini, sawa. Ila Isabel Myers mwenyewe hakukata hivo. Yeye uzito aliuweka kwenye herufi mbili za katikati: ST, SF, NF, NT.

Haya tumrudie shangazi, ISFJ. Kwa Keirsey yeye bluu mimi njano, hatukutani. Kwa Myers wote ni SF, tunakaa mkeka mmoja. Na ukitugawa kwa herufi ya kwanza peke yake, shangazi, mimi na wewe INTJ wetu tunaingia kundi moja, lile la wasiopokea simu. Hakuna aliyebadilika hapo, kilichobadilika ni swali. Si wewe unauza mitumba soko la Owino, ukifungua belo unajua vizuri kwamba blauzi moja inaweza kwenda fungu la gredi ya kwanza, fungu la saizi ndogo au fungu la za kike, inategemea mteja anatafuta nini siku hiyo, na hujawahi kugombana na blauzi.

Alafu kuna hii ambayo ndo ilinifanya nikae macho. Ulipotuma picha ya majibu yako, J yako ilikuwa imepita nusu kidogo sana. Na P yangu pia, imepita nusu kwa unywele. Sasa turudie maswali wiki ijayo, na watu wengi wakirudia hupata angalau herufi moja tofauti, hilo linajulikana. Wewe J ikianguka unakuwa INTP, bado zambarau, bado mchambuzi, hakuna kilichokupata. Mimi P ikianguka nakuwa ISFJ, naruka kutoka njano mpaka bluu na nakabidhiwa pesa za kwanjula! Tumeteleza hatua ile ile, wewe umebaki kwenye kiti na mimi nimepewa funguo za sanduku. Hiyo si tabia yangu, ni pale Keirsey alipopitisha mstari wake.

Na watu wengi wako hapo hapo karibu na katikati, ndo maana watafiti wa saikolojia wengi siku hizi hawataki aina kabisa, wanapima sifa tano kwa kiwango, uko juu au chini kiasi gani, basi. Moja wapo ni umakini, kutimiza ulichoahidi na kupanga mambo, angalau hiyo ingekaribia habari ya pesa. Mwingine (unamjua) ameshajibu kwenye grupu kwamba yeye ni namba 9 ya eniagramu, ule mpango mwingine wa tabia wenye aina tisa, usimguse, manake hao nao makundi yao ni hivo hivo, 9 leo anakaa na 8 na 1, ukibadilisha swali anakaa na 4 na 5.

Hata wenye jaribio la Myers-Briggs lenyewe wanasema lisitumike kuchagua nani apewe kazi. Wewe umelitumia kuchagua mwogezi, msemaji wetu siku hiyo! Umempa yule binamu kwa sababu ni E, na sote tunajua anaongea sana, lakini mbele ya wazee wa Masaka, kwa Kiganda, hatavuka hata salamu. Mpe mjomba. Ni I wa kutupwa na ameshasimamia kwanjula za nusu ya mtaa.

Pesa akae nazo shangazi, hapo nakubali, lakini andika sababu ya kweli: ameshika nigiina, ule mchango wa kupokezana, ya wanawake wa soko miaka na miaka na hakuna aliyewahi kulia. Mimi nipe manunuzi ya gomesi za wanawake na kanzu za wanaume, bei za maduka ya Kikuubo nazijua kuliko nyie wote wa zambarau. Na kabla hujatuma orodha nyingine, mjibu yule mtu wa mabasi, ameuliza tuko wangapi na ujumbe wake umezama chini ya rangi zako.

Dada yako