Shoga, hawa wanafuma mpaka duara!

Mwanaidi shoga angu, mambo? Najua unanidai barua, haya leo nalipa deni.

Juzi nilienda American Museum of Natural History hapa New York, watu wote wanakimbilia mifupa ya dinosaria mi nikapotelea kwenye ukumbi wa makabila ya pwani ya kaskazini magharibi, sikutoka mpaka wanafunga. Kuna Watlingit, watu wa kusini mashariki mwa Alaska, wana blanketi linaitwa Chilkat, wanajitanda mabegani wakicheza ngoma zao. Ni sufu ya mbuzi wa milimani, na kwa nyuzi za mtande (zile za kusimama) wanaisokota pamoja na gome la mwerezi. Sasa shoga, lina maduara! Duara la kweli, macho ya wanyama yamekutolea, wala hayana pembe. Wewe msusi wa mikeka ambaye ukili (ule mkanda wa miyaa) ukitaka kuupinda unaishia zigizaga tu, hebu fikiria nilivyosimama pale mdomo wazi. Na fundi anatumia vidole tu, nyuzi zinaning'inia kutoka mti mmoja wa juu, chini amezifunga kwenye vifuko vya utumbo zisichafuke. Zamani mwanaume ndo alichora ubao, mwanamke anafuma huku anauangalia, na ubao wenyewe una nusu na kidogo tu ya mchoro maana upande wa pili ni uleule umegeuzwa. Moja linaweza kula mwaka mzima, halafu mi nalalamika kufuma kitambaa cha meza.

Ila vitu vingi vya hivyo ni mali ya ukoo, wenyewe wanaita at.óow, si vya mtu mmoja kuuza. Mwaka 1882 jeshi la majini la Marekani lilipiga mizinga kijiji chao cha Angoon, likaharibu na mitumbwi, ukapona mmoja tu, ndo ukawasaidia watu kutafuta chakula. Mbele ya mtumbwi huo palikuwa na biva wa kuchonga (yule mnyama anayeguguna miti), akapotea miaka na miaka. 1999 wazee wakaja New York kukagua vitu vyao, kumbe yumo stoo ya makumbusho hayohayo! Akarudishwa Angoon. Jeshi lenyewe limeomba radhi Oktoba 2024, yaani juzijuzi tu.

Picha za blanketi nakutumia usiku nikipata wifi. Ziangalie pale duara linapoanzia, uniambie kwa miyaa ungeanzaje.

Wako,
Zuhura