Vidonge vya hepatiti C havichomi maini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuzungumze na wagonjwa wa hepatiti C (homa ya ini inayoletwa na virusi vya C) wa hapa Bukavu, jamaa zao, na wenzetu wa maabara na wa famasi. Kuna maneno yanayotembea Kadutu, Ibanda na Bagira kwamba vidonge vya ugonjwa huu vinachoma maini: mtu anavinywa miezi mitatu, anamaliza pesa, akipima tena anakutwa na ugonjwa ule ule, kisha tumbo linajaa maji. Wanaosema hivyo hawatungi. Mambo hayo yanaweza kumpata mgonjwa kweli, ila sababu yake siyo ile inayotajwa. Na kwa kuwa maneno hayo yanaweza kumfanya mtu aache dawa katikati, au asianze kabisa, tumeona tuyajibu moja moja.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole kinachotoa mistari miwili, hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda siku ulipokutana na virusi. Kati ya watu 100 walioambukizwa, karibu 30 wanavifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Kingamwili zao zinabaki hata hivyo, mara nyingi kwa maisha yote. Mtu wa namna hiyo akipimwa leo anapata mistari miwili, na hana cha kutibiwa. Kwa hiyo mistari miwili lazima ifuatwe na kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe ndani ya damu. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayotumika kwa kifua kikuu, inakifanya kipimo hicho ikiwekewa katriji yake ya hepatiti C, na jibu linatoka ndani ya masaa mawili hivi. Kumwanzishia mtu dawa kwa mistari miwili peke yake ni kumuuzia dawa kwa kubahatisha.

Hapo hapo lipo jibu la lile la "nimemaliza dawa na bado ninao". Aliyepona kabisa akirudia kipimo cha kidole ataona mistari miwili ile ile, kwa sababu kingamwili haziondoki pamoja na virusi. Kupona kunathibitishwa na kipimo cha virusi tu, na siku yake ni majuma 12 baada ya kidonge cha mwisho. Ukipima siku ile ile ya kumaliza dawa, karibu kila mtu anaonekana hana virusi, hata yule ambaye vitamrudia mwezi unaofuata. Wenzetu wa maabara, tunawasihi: kwenye karatasi ya jibu andikeni "kingamwili za hepatiti C zipo, virusi havijapimwa". Msiandike "hepatiti C" na alama ya kujumlisha mkaishia hapo. Alama hiyo inaweza kumfanya mtu auze kiwanja kwa ajili ya ugonjwa asio nao.

Sasa dawa yenyewe. Virusi hivi vinaingia ndani ya chembe za ini na kujinakili humo. Sofosbuviri inakwamisha kimeng'enya kinachounganisha nakala mpya. Daklatasviri, au velpatasviri, inavuruga protini nyingine ambayo virusi vinaitegemea kwa kazi hiyo. Tofauti na hepatiti B, virusi vya C havina maficho ndani ya kiini cha chembe: vikizuiwa kujinakili kwa muda wa kutosha vinakwisha. Ndiyo sababu hapa tunasema kupona, wala hatusemi kutulizwa. Zaidi ya wagonjwa 95 kwa 100 wanaokamilisha dawa wanapona. Wakati wa kuinywa mtu anaweza kuumwa kichwa, kuchoka, kusikia kichefuchefu au kukosa usingizi, kwa kawaida bila makali.

Sofosbuviri ni miligramu 400 na daklatasviri miligramu 60, mara moja kwa siku, kwa majuma 12. Mwenye sirosi, yaani ini lililojaa makovu, ambaye ini lake bado linamudu kazi anakwenda hadi majuma 24. Sofosbuviri 400 iliyounganishwa na velpatasviri 100 ni kidonge kimoja kwa siku kwa majuma 12, hata kwa mwenye sirosi ya namna hiyo. Chupa ya kawaida ina vidonge 28, kwa hiyo majuma 12 ni chupa tatu, vidonge 84, za kila dawa. Hesabu hiyo ifanywe dukani kabla ya kulipa. Ukinunua chupa moja huku ukitegemea kupata pesa ya zile mbili baadaye, unajiwekea mtego: dawa ikikatika, virusi vilivyosalia vinapata nafasi ya kuzoea. Afadhali kungoja mwezi mmoja, chupa zote zikamilike ndipo uanze, maana ugonjwa huu unatembea kwa miaka, hauui kwa majuma. Tunamtoa hapo aliye na sirosi, huyo asicheleweshwe.

Ukisahau kidonge na ukakumbuka kabla masaa 18 hayajapita, kinywe mara moja. Yakishapita, ngoja saa yako ya kawaida, usinywe viwili kwa pamoja. Ukitapika ndani ya masaa mawili baada ya kumeza (matatu kwa kidonge chenye velpatasviri), meza kingine. Vidonge vibaki ndani ya chupa yake, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kisitolewe. Desturi ya kuvihamishia kwenye karatasi au mfuko wa plastiki haifai kwa dawa hizi, hasa kwenye mvua zetu.

Dawa ikishindwa, wakati mwingine kuna dawa nyingine iliyoiingilia. Rifampisini ya kifua kikuu inaharakisha mwili kuitoa sofosbuviri hata haina nguvu tena. Mgonjwa wa kifua kikuu amalize kwanza matibabu yake, ndipo aanze ya hepatiti. Fenobarbitali, fenitoini na karbamazepini za kifafa zinafanya vile vile, na hizo watu wanazinywa miaka bila kuzitaja kwa daktari kwa sababu wamekwisha kuzizoea. Omeprazoli inapunguza velpatasviri inayoingia mwilini. Mwenye kutumia efavirenzi kwa VVU anahitaji daklatasviri miligramu 90 badala ya 60, na hapaswi kupewa velpatasviri. Wa dolutegraviri habadilishi kitu. Amiodaroni ya moyo pamoja na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi hatari ya kufa. Wenye kisukari nao waangalie: virusi vikiondoka sukari inaweza kushuka, na kiasi cha glibenklamidi kilichokuwa sawa jana kikawa kikubwa mno. Hata majani na mizizi ya kienyeji itajwe yote. Hatusemi hivyo kwa kuidharau. Hakuna ajuaye inavyokutana na vidonge hivi.

Turudi kwenye lile la kuchoma maini. Chanzo cha kwanza ni matibabu ya zamani: sindano ya interferoni kila juma pamoja na vidonge vya ribavirini, hadi majuma 48 kwa virusi vya aina ya 4, ambayo ndiyo imeenea Kongo. Homa, damu kupungua, huzuni nzito, na mwishoni wengi hawakupona. Hofu ya wakati ule imehamia kwenye dawa ambayo siyo ile.

Chanzo cha pili kinastahili uzito zaidi, kwa sababu kinaua, na katika nchi yetu hepatiti B ni nyingi. Mtu mwenye B na C pamoja, mara nyingi C ndiyo inayoitawala B na kuilaza. Ukiiondoa C ghafla, B inaamka, na ini linaweza kuvimba vibaya mno. Aliye nje anaona mtu amekunywa dawa ya C, macho yakageuka manjano. Kinga yake ni kipimo cha HBsAg, kile cha damu kinachoonyesha hepatiti B, kabla ya kidonge cha kwanza. Mwenye B apewe tenofoviri tangu mwanzo wa matibabu hadi majuma 12 baada yake, au walau GPT yake (kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia) ipimwe kila mwezi. Famasi inayotoa sofosbuviri bila kuuliza jibu la HBsAg inacheza na maisha ya mtu, na hilo tunalisema bila kulipunguza.

Chanzo cha tatu ni kuchelewa. Mwenye maji tumboni, macho ya manjano, aliyewahi kutapika damu au kuchanganyikiwa, ini lake limeshindwa kabla dawa haijafika. Huyo bado anatibiwa, lakini hospitalini: sofosbuviri na velpatasviri pamoja na ribavirini kwa majuma 12, au bila ribavirini kwa majuma 24. Ribavirini hairuhusiwi kwa mjamzito, na mimba ikwepwe miezi tisa baada yake kwa mwanamke aliyeinywa, miezi sita kwa mke wa mwanaume aliyeinywa. Na hapa maneno ya mitaani yana ukweli ndani yake: dawa ambazo jina lake kwenye chupa linaishia na "previr" kweli zinaweza kumdhuru mgonjwa wa hatua hiyo. Asipewe.

Ndiyo maana hali ya ini ijulikane kabla ya kuanza, na hakuna haja ya mashine ya gharama. Chukua umri, GOT (kipimo cha ini kinachokwenda pamoja na GPT), GPT na plakete (chembe ndogo zinazogandisha damu). Zidisha umri kwa GOT. Kisha zidisha plakete, kwa maelfu, na kipeuo cha pili cha GPT, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa GPT. Gawa cha kwanza kwa cha pili. Mtu wa miaka 58 mwenye GOT 80, GPT 64 na plakete 110,000: juu ni 4,640, chini, kipeuo cha pili cha 64 ni 8, mara 110 ni 880, jibu ni 5.3. Wa miaka 40 mwenye GOT 40, GPT 49 na plakete 220,000 anapata 1.04. Chini ya 1.45 makovu makubwa si rahisi kuwepo. Juu ya 3.25 mshughulikie kama mwenye makovu makubwa hadi ithibitike vingine. Tahadhari moja kwa mazingira yetu: malaria inaangusha plakete, na hesabu hii inapanda kwa uongo. Mgonjwa atibiwe malaria kwanza, apimwe tena akishapata nguvu.

Baada ya dawa, ini linafanya nini? GOT na GPT zinashuka ndani ya majuma machache, uvimbe unatulia. Makovu yanachukua miaka kulainika, na kwa mwenye sirosi si yote yanayoondoka. Hatari ya saratani ya ini inapungua sana lakini kwake haiishi. Afanye ekografi (ultrasaundi ya ini) kila miezi sita, hata kama virusi havionekani tena. Pombe, iwe lutuku au kasiksi, inaendeleza makovu yale yale bila msaada wa virusi. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumu inayochochea saratani hiyo: zitupwe, zisioshwe wala kusagwa. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi, na makayabo, samaki wa chumvi, ndiyo ya kwanza kuachwa. Paraseta (parasetamoli) ya maumivu isizidi gramu 2 kwa siku kwa mwenye sirosi. Ibuprofeni na diklofenaki asiziguse.

Kupona hakuleti kinga, na chanjo ya C haipo. Wembe wa chale, kisu cha kukata kilimi, sindano iliyotumika kwa mwingine, vinaweza kurudisha ugonjwa kwa aliyepona.

Jambo la mwisho ni kwa wauguzi na wagonjwa pamoja. Ile hesabu ya plakete na GOT ikirudiwa baada ya matibabu inashuka haraka, kwa sababu uvimbe umetulia. Makovu bado yapo. Aliyekuwa na 5.3 anaweza kupata 2 na kuambiwa hahitaji tena ekografi. Kinachoamua ekografi ni namba ya kabla ya dawa. Karatasi ile ihifadhiwe pamoja na kadi ya matibabu, na ionyeshwe kwa kila daktari mpya.

Kundi la wauguzi, wafamasia na wapimaji wa maabara,
Bukavu