Barua ya kuomba radhi, na jambo moja zaidi

Rafiki yangu mpendwa,

Miezi mitatu iliyopita uliniandikia ujumbe mrefu, nami nikakujibu neno moja: "Nitakupigia." Sikupiga. Naomba radhi, na nikueleze yaliyonipata.

Jioni moja nilimpigia mama. Nimetoa shikamoo tu, akasema, "Nasikia una haraka, mwanangu. Tutaongea siku nyingine." Sikuwa nimemwambia kwamba nina haraka. Alishazoea. Ningependa angenigombeza.

Nikachukua daftari, nikaandika kwa wiki nzima kila saa imekwenda wapi. Wiki ina saa 168. Ukitoa 8 za kulala kila usiku zinabaki 112. Kazi ilichukua 58. Hapo nilishtuka, maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Lakini kilichoniuma zaidi ni vipande vidogo vidogo vya kuchungulia simu: jumla saa 14. Mama alipata dakika 11. Wewe hukupata hata moja.

Mwanzoni nilidhani dawa ni kujipanga. Nikaanza kuamka alfajiri, na kweli nafasi ikapatikana, lakini haukupita mwezi ikajaa kazi nyingine. Ndipo nikakubali kwamba kuna vitu lazima niviache. Nimejitoa kwenye kamati mbili, na moja nilikuwa naipenda kwa dhati. Kuna wenzangu walionuna, na bado inaniuma. Simu nayo, ikifika saa mbili usiku, naiacha sebuleni.

Jumapili iliyopita nilikaa na mama mchana kutwa. Tuliongea habari za magoti yake, za jirani aliyehama, kisha tukanyamaza kwa muda mrefu. Zamani kimya kile kingenifanya niage. Safari hii nilibaki. Akaanza kunisimulia siku alipoachishwa shule: nguo aliyokuwa amevaa, nani aliyemfuata darasani, jinsi alivyoficha daftari lake. Nina miaka arobaini na mmoja, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Ningekuwa na nusu saa tu, tungeishia kwenye magoti.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Tunajuana miaka mingi, lakini sijui siku hizi unalalaje, wala ni nini kinachokutia hofu. Kila tukiandikiana tunaambiana "mambo yakitulia", na mwaka unaisha.

Jumamosi saa kumi jioni nitakupigia. Sina shughuli nyingine baada ya hapo hadi usiku. Usitafute jambo la kuniambia, tukinyamaza, nitasubiri.

Wako akupendaye.