Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Wazee wenzangu wa chama chetu cha wenye pumu Tanga, walionizidi umri shikamooni.

Shughuli za kawaida mnazijua. Siku ya Pumu Duniani, Jumanne ya tarehe 6 Mei, tuliadhimisha. Wagonjwa tuliwatembelea, wenzetu wawili tuliwazika, kamati ilikaa mara sita.

Niende kwenye lililozua maneno: uamuzi wa Aprili wa kusitisha mikutano ya kila mwezi na kuzihamishia fedha za nauli kwenye simu. Imesemwa kutoka Ngamiani hadi Mikanjuni kwamba mwenyekiti ameua chama na hela zimeliwa. Nimeumia. Wazo nililileta mimi, sikatai, lakini kamati ililipitisha kwa kura 5 dhidi ya 2. Muhtasari uko kwa katibu, anayetaka akausome.

Januari tulikuja 37, Februari 26, Machi 19. Waliokosa ndio hasa waliokuwa wamebanwa na kifua. Mtu anayeishiwa pumzi kutoka kitandani hadi mlangoni atapandaje daladala, apite kwenye vumbi na moshi wa kuni, ili aje kufundishwa namna ya kuvuta inhela, kile kichupa cha dawa ya kupuliza? Tulikuwa tunawahudumia wenye nafuu na kuwaacha wagonjwa nyumbani.

Sasa muuguzi mstaafu anayejitolea hupiga simu kila Jumanne na Ijumaa. Simu ya kitochi inatosha. Anauliza usiku umeamka mara ngapi kwa kukohoa, inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua, umeipuliza mara ngapi, ile ya kuzuia uvimbe wa kifua umeitumia kila siku na kusukutua mdomo, na kipimo cha kupuliza, kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, kimesoma ngapi. Kama kawaida yako ukiwa mzima ni 300, chini ya 240 ujihadhari, chini ya 150 twende hospitali. Wapo wanaoshikilia kwamba ya bluu inawatosha. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, uitwao GINA, hautaki mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa hiyo peke yake. Inafungua kifua, lakini uvimbe wa ndani inauacha palepale.

Ni kwa simu hizo tuligundua mzee mmoja aliyeanza kubanwa baada ya kupewa matone ya presha ya macho. Yalikuwa na timolol, ambayo humbana mwenye pumu kama vidonge vya presha vya propranolol. Alirudi kwa daktari, akabadilishiwa. Kwenye mkutano nani angemuuliza habari za macho?

Na Agosti, saa saba usiku, nilipigiwa mimi mwenyewe na mjukuu wa mwenzetu wa Makorora. Nikamwomba bibi ahesabu hadi kumi kwa pumzi moja. Akaishia nne. Nikamwelekeza kijana achukue ile chupa ya nusu lita tuliyoitoboa kitako ili inhela ichomekwe hapo na dawa ivutwe kupitia mdomo wa chupa, atikise inhela, pulizo moja, bibi avute polepole, kisha jingine, hadi manne, huku bajaji ikitafutwa. Sikukata simu. Nilikuwa nausikia mluzi wa kifua chake hadi walipofika hospitali. Bibi yule yu hai, na ni miongoni mwa walioupinga uamuzi huu.

Wenye masikio mazito simu haiwafai, hilo nalikubali. Wajumbe wa mitaa wameombwa kuwapitia nyumbani.

Kuhusu fedha: tulianza na shilingi 214,000, ada ikaingiza 588,000, wahisani 400,000, jumla 1,202,000. Nauli za mikutano mitatu zilichukua 246,000, vipimo 12 vya kupuliza 420,000, vocha za miezi 9 jumla 270,000, karatasi na mengineyo 41,000. Zimebaki 225,000.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kati ya wanachama 64 waliolipa yote ni 23, na tunadai 948,000. Mkutano wa Julai, ulioitishwa kwa sababu ya malalamiko hayohayo, walihudhuria 14. Waliolalamika kwa sauti kubwa kabisa sikuwaona. Inavunja moyo, ndugu zangu, kwa sababu vocha ikiisha, simu ya Jumanne haipigwi.

Mwakani tunatarajia kuongeza vipimo, kupata muuguzi wa pili, na ikiwezekana kuzungumza na wauza dawa kuhusu bei ya inhela ya kuzuia. Mikutano tutaifikiria masika ikipita, kwa kadiri mfuko utakavyoruhusu. Katibu atakaa na daftari la ada hadi saa kumi.

Mwenyekiti