Kiwiko cha tenisi hakiponi kwa sindano pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maumivu yanayoitwa kiwiko cha tenisi, hasa tiba yake ya sindano, yaani akupancha, ile ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa, inayotangazwa siku hizi kana kwamba ukichomwa mara tatu nne basi umepona. Sindano zinasaidia, sikatai. Ila zinachotuliza ni maumivu. Kano iliyochakaa inabaki vilevile ilivyokuwa.

Jina la ugonjwa linapotosha, maana wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Ni mafundi rangi, waashi, wapishi, wakata nyama, watu wa kompyuta, na wengi wao wana umri wa miaka 35 hadi 55. Upande wa nje wa kiwiko kuna nundu ya mfupa ambapo hujishikiza kano ya misuli inayoinua kiganja kwenda nyuma. Kila unapokamata kitu kwa nguvu, misuli hiyo hukaza ili kifundo cha mkono kisilegee. Mzigo ukizidi uwezo wa kano, nyuzi zake huchanika kidogo kidogo na kuungana ovyo. Ukiitazama kwa hadubini utaona nyuzi zilizovurugika na vimishipa vipya vya damu, lakini chembe za uvimbe ni chache. Ndiyo sababu sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, huleta nafuu ya wiki 6 hivi, kisha mambo hugeuka: majaribio yaliyowafuatilia wagonjwa mwaka mzima yalikuta waliodungwa wakiwa na hali mbaya kuliko walioachwa wangoje tu.

Kwanza, ugonjwa uthibitishwe. Nyoosha kiwiko, kiganja kitazame chini, kisha inua mkono kwenye kifundo huku mwingine akiukandamiza. Rudia kwa kidole cha kati peke yake. Maumivu yakichoma palepale kwenye nundu, ndicho hicho kiwiko cha tenisi. Panapouma pakiwa sentimita 3 hadi 5 chini ya nundu, na vidole vikawa vizito kunyooka, inawezekana ni neva iliyobanwa. Ganzi inayoshuka toka shingoni mpaka vidoleni nayo ina chanzo kingine. Hapo kuchoma kiwiko ni kumtibu asiyeumwa.

Sasa sindano zenyewe. Mgonjwa alale chali, kiwiko kikunjwe kidogo juu ya mto. Akikaa kitini huweza kuzirai, hasa mara ya kwanza au akiwa na njaa. Sindano iwe na unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 25 hadi 40, mpya kutoka kwenye pakiti, ikitumika mara moja tu. Sehemu za kawaida za kuchoma, kwa majina yake ya Kichina, ni Quchi, mwisho wa mkunjo wa kiwiko kwa upande wa nje. Shousanli, cun 2 (kipimo cha Kichina) chini yake kuelekea kidole gumba. Hegu, kati ya gumba na kidole cha shahada, ambayo mjamzito hachomwi. Na pale panapouma zaidi. Cun 1 ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa penye kiungo. Cha mgonjwa, si cha mganga. Wengi hukosea hapo, na kwa mtu mwembamba sindano huenda mbali na ilipokusudiwa.

Mgonjwa anapaswa kuhisi uzito au mvuto mzito ndani ya nyama. Akihisi kama shoti ya umeme inakimbilia mkononi, neva imeguswa, na sindano irudishwe nyuma mara moja. Sindano hukaa dakika 20 hadi 30, zikizungushwa kidogo mara kwa mara. Wengine huziunganisha na mkondo wa umeme wa hezi 2 hadi 4, yaani mapigo 2 hadi 4 kwa sekunde, jambo ambalo mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikubali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Vipindi ni viwili kwa wiki, jumla 6 hadi 10.

Je, nafuu hudumu kiasi gani? Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 1994, wagonjwa 48 walichomwa mara moja, na si kwenye kiwiko bali mguuni. Waliochomwa kweli walipata nafuu ya wastani wa saa 20. Waliofanyiwa bandia, saa 1.4. Saa 20 si haba, lakini si uponyaji. Tatizo ni matumizi ya saa hizo: mgonjwa anatoka akiwa mwepesi, jioni ileile anashika nyundo, kano inachanika upya, halafu anasema sindano hazifai.

Saa hizo zinafaa kwa zoezi. Laza kigasha mezani, mkono uning'inie ukingoni, kiganja chini, umeshika uzito wa nusu kilo hadi kilo 1. Uinue kwa msaada wa mkono mwingine usiouma, kisha uushushe kwa mkono mgonjwa peke yake ukihesabu mpaka nne. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3, kila siku, kwa wiki 12. Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 yavumilie, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Yasipotulia, punguza uzito. Mara 15 zikiwa rahisi, ongeza nusu kilo. Wakati huohuo, vitu vya kuinua viinue kiganja kikitazama juu.

Kiwiko hiki, hata kisipotibiwa, kwa wengi hutulia chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na sifa huchukuliwa na yeyote aliyekuwa akitibu wakati huo. Kwa hiyo pimeni. Kabla ya kipindi cha kwanza, mgonjwa abane kifaa cha kupima nguvu za mkono mpaka maumivu yaanze, na namba iandikwe. Baada ya vipindi 6 abane tena. Namba ikiwa palepale, sindano zisitishwe na kiwiko kichunguzwe upya.

Msomaji wako